Waarabu na Waajemi Kabla ya Uislamu

Mtoto wa Bweri akitumwa na mama yake mjini Musoma kununua samaki, huenda dukani au sokoni, huuliza bei, kisha hurudi nyumbani. Pengine hajui kwamba maneno hayo matatu, samaki, duka na bei, asili yake ni Kiarabu. Akifika ufukoni ataona bandari, na akipanda mjini ataona ofisi za serikali. Na maneno hayo mawili, bandari na serikali, asili yake ni Kiajemi. Bweri iko mbali sana na bahari, walakini maneno ya watu wa ng'ambo ya bahari yamefika mpaka kando ya Ziwa letu.

Maneno mengi ya namna hii yaliingia katika Kiswahili katika karne za baadaye. Lakini njia yaliyopitia ni ya kale zaidi. Watu wengi hudhani kwamba Waarabu waliijua pwani yetu baada ya Uislamu kuanza. Sivyo. Merikebu zao zilikuwa zikija miaka mia tano na zaidi kabla ya Mtume Muhammad kuzaliwa. Katika somo hili mtasikia habari za Waarabu wa zamani zile, na za wafalme wa Uajemi waliotaka kuwatawala. Mnaposoma, jiulizeni neno moja: je, ni kitu gani kilichodumu, upanga au udugu?

1. Nchi ya Waarabu na watu wake

Fungueni ramani, mtazame nchi kubwa iliyo kati ya Bahari ya Sham na Ghuba ya Uajemi. Hiyo ndiyo Arabuni. Sehemu yake kubwa ni jangwa, yaani mchanga na mawe, na mvua ni haba sana. Lakini upande wa kusini, katika Yemen, iko milima mirefu inayopata mvua. Huko watu walilima tangu zamani, wakajenga miji, wakawa na wafalme. Karibu na mji wa Marib walijenga boma kubwa la kuzuia maji, wakanywesha mashamba yao kwa mifereji. Ubani na manemane ya nchi zile yalichukuliwa na misafara ya ngamia mpaka Misri na Sham, yakauzwa kwa bei kubwa.

Watu wa jangwani walikuwa na maisha mengine. Wao walihama pamoja na ngamia na kondoo wao, wakifuata maji na majani. Hawakuwa na mfalme, wala askari wa serikali, wala gereza. Kila mtu alikuwa na kabila lake, na kabila lilikuwa na mzee wao waliyemwita shehe. Shehe hakutawala kwa amri tu. Aliwashauri watu wake, nao walimtii kwa sababu ya hekima yake, ushujaa wake na ukarimu wake.

Watoto wa Mara watafahamu jambo hili upesi. Kabla ya Wajerumani kuja, hapakuwa na mfalme mmoja aliyewatawala Wakurya, Wazanaki na Wajita wote pamoja. Mambo yaliamuliwa na wazee wa koo. Tena watu wa kwetu wanajua jinsi mali ya mtu inavyohesabiwa kwa mifugo. Kwetu ni ng'ombe. Kwa Waarabu wale ilikuwa ngamia.

Mtu akiuawa, ndugu zake walikuwa na wajibu wa kulipa kisasi. Ila wazee wakipatana, waliweza kupokea dia, yaani ngamia kwa hesabu iliyokubaliwa, damu isimwagike tena. Wakishindwa kupatana, vita viliendelea kutoka baba hata mwana. Waarabu husimulia habari za vita vya Basus. Makabila mawili yaliyokuwa ndugu, Bakr na Taghlib, yaligombana kwa sababu ya ngamia jike mmoja aliyepigwa mshale. Wasimulizi husema kwamba vita hivyo vilidumu miaka arobaini. Ngamia mmoja alikufa, na watu wengi wakamfuata.

Hata hivyo watu wale walikuwa na sheria nzuri walizozishika kwa nguvu. Mgeni aliyeingia hemani alipewa chakula na ulinzi, hata kama mwenyeji wake alikuwa maskini. Katika mwaka ilikuwako miezi mitakatifu ambayo vita vilikatazwa, ili watu wapate kwenda sokoni na kuhiji. Katika soko la Ukaz, karibu na Maka, watu waliuza na kununua, na washairi walishindana mbele ya makabila yote. Mtu aliyevunja ahadi aliaibishwa katika mashairi, na aibu hiyo ilimfuata po pote alipokwenda.

Kwa habari za dini, wengi waliabudu masanamu, na mengine yaliwekwa katika Kaaba ya Maka. Lakini walikuwako Waarabu Wayahudi, hasa katika Yemen na Yathrib, na Waarabu Wakristo, hasa katika mji wa Najran na katika nchi za kaskazini.

2. Waarabu katika pwani ya Azania

Yapata katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri aliandika kitabu kidogo kwa Kiyunani, kuwaonyesha mabaharia njia na bandari za bahari yetu. Jina lake halikuhifadhiwa, lakini kitabu chake kipo hata leo. Yeye aliita pwani yetu Azania. Bandari ya mwisho ya Azania aliita Rhapta, na wataalamu wengi huona kwamba mji huo ulikuwa katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania.

Jina la Rhapta latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa sababu vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Ufundi huo ulidumu sana. Mitepe ya Lamu ilishonwa vivyo hivyo mpaka karne ya ishirini ilipoanza. Na katika Ziwa letu pia, watu wa Buganda na wa Visiwa vya Sese walishona mbao za mitumbwi yao mikubwa.

Merikebu za Waarabu zilitoka bandari ya Muza katika Yemen. Zilisukumwa na pepo za kaskazi, ambazo huvuma tangu Desemba mpaka Machi hivi. Upepo ulipogeuka, kusi ikaanza kuvuma, zikarudi kwao. Basi baharia aliyefika Azania hakuweza kurudi siku aliyopenda. Ilimpasa kungoja upepo, na kungoja huko kulimfanya akae na watu.

Wageni walileta mikuki iliyofuliwa Muza hasa kwa biashara hii, na mashoka, na visu, na vitu vya kioo. Walichukua pembe za ndovu kwa wingi, na pembe za vifaru, na magamba ya kasa. Mwandishi anasema pia kwamba mahali pengine walileta divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kupata urafiki wa wenyeji.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la habari hii. Mwandishi anasema kwamba Rhapta ilikuwa chini ya mkuu wa nchi ya Mapharitis katika Yemen, kwa haki ya tangu zamani, na kwamba watu wa Muza walikusanya kodi huko. Lakini anasema tena kwamba wenyeji walikuwa watu warefu wa mwili, na kila mahali walikuwa na mkuu wao. Mkuu wa mbali, ng'ambo ya bahari, aliwezaje kuwa na amri katika nchi ya watu wa namna hii? Mwandishi hataji jeshi wala ngome. Anasema hivi tu: manahodha na mawakili wa Kiarabu waliotumwa huko waliwajua wenyeji, walioa kwao, na walifahamu lugha yao.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yao. Mtu aliyeoa Rhapta alikuwa na wakwe Rhapta, na watoto wake walikuwa wajukuu wa wenyeji. Hakuweza kuiba mali ya watu akakimbia, kwa maana angekuwa anawaibia shemeji zake.

3. Wahabeshi na Waajemi wagombea Yemen

Miaka mingi ikapita. Katika Yemen wafalme wa Himyar wakawa na nguvu kuliko wote. Na nje ya Arabuni zilikuwako dola mbili kubwa, kama fahali wawili katika malisho mamoja. Upande wa magharibi ilikuwa dola ya Rumi, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Konstantinopoli. Upande wa mashariki ilikuwa dola ya Uajemi, iliyotawaliwa na ukoo wa Sasani tangu mwaka 224. Mji mkuu wa Waajemi ulikuwa Ctesiphon, kando ya mto Tigris, na tao kubwa la jumba la wafalme wao lasimama huko hata leo. Dini yao ilikuwa ile ya Zoroaster, nao waliutunza moto mtakatifu katika mahekalu.

Katika mwaka 523 mfalme wa Himyar, Yusuf, ambaye Waarabu humwita Dhu Nuwas, aliyefuata dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wengi wa Najran. Habari zikavuka bahari. Kaleb, mfalme Mkristo wa Aksum, nchi iliyokuwa pale palipo leo kaskazini ya Ethiopia na Eritrea, akatayarisha merikebu, na yapata mwaka 525 akavuka na kuishinda Himyar. Basi kumbukeni, wanafunzi: si kila mara watu wa Asia waliokuja kuzitawala nchi za Afrika. Safari hii Waafrika walikwenda kutawala Arabuni. Baadaye jemadari mmoja wa Kihabeshi, Abraha, akajifanya mfalme wa Yemen. Yeye alilitengeneza boma la maji la Marib katika mwaka 548, na habari ya kazi hiyo ilichorwa katika jiwe lililoko hata sasa.

Abraha alipokufa, wanawe wakatawala, na watu wa Yemen wakachoka na utawala wa wageni. Masimulizi ya Waarabu yanasema kwamba mtu mmoja wa ukoo wa wafalme, Sayf ibn Dhi Yazan, alikwenda kwa Khosrow wa Kwanza, mfalme wa Uajemi, kuomba msaada. Waarabu waliwaita wafalme hao Kisra. Mfalme akamjibu kwamba Yemen ni mbali, tena ni nchi ya kondoo na ngamia tu; akampa fedha na vazi la heshima, akamwambia aende zake. Sayf alipotoka nje akawatupia watumwa wa jumbani zile fedha zote. Mfalme akakasirika, akamwita na kumwuliza sababu. Sayf akajibu kwamba fedha hazina kazi kwake, kwani milima ya kwao ni dhahabu na fedha. Mfalme akaanza kufikiri.

Washauri wakasema, "Gerezani wamo watu waliohukumiwa kufa. Watume hao. Wakishinda, nchi ni yako. Wakifa, ndiyo hukumu yao." Wakatolewa watu mia nane, wakawekwa chini ya mzee hodari jina lake Wahriz, wakapakiwa katika merikebu nane. Mbili zikazama. Waliosalia wakafika pwani ya Arabuni, na Wahriz akazichoma moto merikebu zake, ili askari wasifikiri habari ya kurudi. Ndivyo wanavyosimulia. Kwa vyo vyote ni hakika kwamba yapata mwaka 570 Waajemi waliwashinda Wahabeshi, na Yemen ikawa nchi chini ya Uajemi.

Sayf alikuwa ameomba msaidizi, akapata bwana. Mtu amwitaye chui kumfukuza fisi zizini, na afikiri kwanza ni nani atakayemfukuza chui.

4. Ua wa mfalme wa Uajemi

Upande wa kaskazini, Waajemi waliwaogopa Waarabu wa jangwani waliozoea kuvamia mashamba ya mto Frati. Basi walifanya shauri la akili. Kama mfugaji azungushiavyo zizi lake ua wa miiba, ndivyo walivyowaweka wafalme wa Kiarabu wa mji wa Hira mpakani mwa dola yao. Wafalme hao, wa ukoo wa Lakhm, walipokea zawadi na heshima kutoka kwa Kisra, nao wakalinda mpaka wake. Ua huo ulidumu karibu miaka mia tatu. Dola ya Rumi nayo ilikuwa na Waarabu wake, wa ukoo wa Ghassan, na mara kwa mara Waarabu waliuana wao kwa wao kwa ugomvi wa mabwana wawili wa mbali.

Mfalme wa mwisho wa ukoo wa Lakhm aliitwa Nu'man, naye alikuwa Mkristo. Khosrow wa Pili, mjukuu wa yule Khosrow wa Kwanza, akamchukia. Masimulizi yanasema kwamba Kisra alitaka kuoa katika nyumba ya Nu'man, Nu'man akakataa. Alipojua kwamba Kisra atamwita, Nu'man alikwenda kwa Hani, mzee wa ukoo wa Shayban, akamwachia amana ya silaha zake na deraya nyingi za vita. Kisha akaenda kwa Kisra, akatiwa gerezani, akafa huko. Hayo yalikuwa yapata mwaka 602.

Kisra akamweka mtu mwingine Hira, na baadaye akampeleka Mwajemi kumsimamia. Tena akatuma watu kwa Hani kudai zile silaha. Fikirini shida ya Hani. Aliyemwachia amana amekwisha kufa, wala hawezi kuidai. Anayeidai sasa ni mfalme mwenye majeshi na tembo wa vita. Hani angeweza kusema, "Mwenyewe amekufa, nimpe mfalme, niokoe watu wangu." Hakusema hivyo. Alijibu kwamba amana hairudishwi ila kwa mwenyewe au kwa warithi wake.

Jeshi la Kisra likaja. Watu wa Shayban walikuwa tawi la kabila la Bakr, wale wale waliopigana zamani kwa sababu ya ngamia mmoja. Safari hii walipigania neno la kweli. Wakakutana na Waajemi katika visima vya Dhu Qar, wakawashinda. Vita vile havikuwa vikubwa kama vita vya madola. Lakini habari zake zilienea katika Arabuni yote: Waajemi wanaweza kushindwa!

Kisra mwenyewe ndiye aliyeubomoa ua wa zizi lake. Tena tangu mwaka 602 alianza vita vikubwa na Rumi. Majeshi yake yalitwaa Yerusalemu mwaka 614, kisha Misri. Lakini Heraclius, Kaisari wa Rumi, akasimama tena, akaingia mpaka ndani ya Uajemi. Katika mwaka 628 wakuu wa Uajemi walimwasi Khosrow, wakamweka mwanawe katika kiti, naye Khosrow akauawa. Madola yote mawili yalikuwa yamechoka, kama fahali wawili waliopigana mchana kutwa. Waarabu, ambao sasa Uislamu uliwaunganisha, walipokuja, hapakuwa tena na ua Hira. Waliwashinda Waajemi huko Kadisiya yapata mwaka 636, na mfalme wa mwisho wa ukoo wa Sasani akauawa mwaka 651 akiwa mkimbizi.

5. Kilichobaki

Sasa turudi kwa swali tuliloliuliza mwanzoni. Katika Yemen, wale askari wa Kiajemi walioletwa kwa merikebu walikaa, wakaoa wanawake wa nchi, wakazaa. Watoto wao waliitwa Abna, maana yake "wana". Dola ya Kisra ilipoanguka, Abna hawakuanguka pamoja nayo. Nchi ilikuwa nchi ya mama zao.

Katika pwani yetu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mkuu wa Mapharitis alisahauliwa, na jina la Rhapta halimo tena katika midomo ya watu. Lakini njia ya kaskazi na kusi haikufungwa. Katika Unguja Ukuu, kisiwani Unguja, wataalamu wamechimba na kupata vigae vya mitungi ya rangi ya samawati na kijani iliyoletwa kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi tangu karne ya saba hivi. Katika Shanga, kisiwa cha Pate, waliona alama za msikiti mdogo wa miti wa karne ya nane. Waislamu wa kwanza waliofika pwani hawakufungua njia mpya. Walipita katika njia iliyokanyagwa na baba zao, na wenyeji wakawapokea kama watu wa siku nyingi.

Basi mtoto wa Bweri, utakaposema tena samaki, au duka, au bandari, kumbuka kwamba maneno hayo hayakuletwa na Kisra wala na tembo wake wa vita. Yaliletwa na watu waliongoja upepo, wakauza na kununua, wakaoa, wakajifunza lugha ya wakwe zao. Upanga ulishinda siku moja. Udugu ulikaa.

Maswali

1. Toa maneno matatu ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiarabu, na mawili yaliyotoka katika Kiajemi.
2. Dia ni nini? Ilisaidiaje kumaliza ugomvi?
3. Kwa nini baharia aliyefika Azania hakuweza kurudi kwao siku aliyopenda?
4. Waarabu wa Muza walipataje nguvu katika Rhapta?
5. Kaleb alikuwa mfalme wa nchi gani, na kwa nini alivuka bahari?
6. Kwa nini twasema kwamba Khosrow wa Pili aliubomoa ua wa zizi lake mwenyewe?
7. Kama ungalikuwa Hani, ungalimjibuje Kisra? Toa sababu zako.
8. Waulize wazee wa kwenu jinsi koo mbili zilivyopatanishwa zamani, kisha uandike habari hiyo katika daftari lako.